Minara ya PS2: jinsi ya kuifichua, kuikuza na kuirudisha ikipotea

Ukiwasha PS2, kabla maandishi ya Sony Computer Entertainment hayajatulia katikati ya skrini, kuna giza la samawati, ukungu na taa zinazozunguka. Intro yenyewe ni ya sekunde chache na watu wote sebuleni wanasubiri gemu, kwa hiyo mtu anaweza kukaa na mashine miaka mingi asione kingine. Safari ijayo tazama chini, ndani ya ule ukungu. Kwenye mashine iliyochezewa sana kuna nguzo zimesimama, nyingine fupi, nyingine ndefu, kamera ikipita juu yake. Kwenye mashine isiyo na memori kadi hakuna nguzo hata moja.

Minara hiyo si mapambo. Kila mmoja ni gemu uliyowahi kuiwasha, na urefu wake unatokana na mara ulizoiwasha. PS2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, na bado wako wanaodhani intro hiyo ni ile ile kwa kila mtu. Kumbe kila kadi ina mji wake.

Maelezo haya ni ya PS2 nene na slim pia. Tunaanza na jinsi siri yenyewe inavyofanya kazi, maana ukishaelewa hapo, sababu za minara kutotokea utazijua mwenyewe bila kuuliza fundi.

Minara inatoka wapi

Ndani ya memori kadi ya PS2, mbali na seivu za gemu, kuna folda ya mashine yenyewe. Ukifungua Browser, ukurasa wa menyu ya PS2 unaoonyesha vilivyomo kwenye kadi, utaiona ikiwa na jina Your System Configuration. Wengi huiona, hawajui ni ya nini, na wanapotafuta nafasi ndiyo ya kwanza kufutwa. Ukiifungua kwa programu ya kusimamia mafaili, jina lake halisi ni BEDATA-SYSTEM kwa mashine za Ulaya, BADATA-SYSTEM kwa za Marekani, na BIDATA-SYSTEM kwa za Japani.

Humo ndani kuna faili moja dogo linaloitwa history. Lina nafasi 21, kila nafasi baiti 22, jumla baiti 462 tu. Kila nafasi inabeba kodi ya diski, idadi ya mara diski hiyo ilivyowashwa, na tarehe. Kodi ya diski ndiyo ile iliyochapwa kwenye kasha na kwenye diski yenyewe. San Andreas ya Marekani, kwa mfano, ni SLUS-20946, na ndani ya faili inaandikwa SLUS_209.46.

Anayeandika faili hilo ni programu ya menyu iliyomo ndani ya chipu ya PS2. Diski ikishatambuliwa, menyu inaongeza hesabu kwenye kadi, kisha inaikabidhi mashine kwa gemu. Ukiwasha tena, menyu hiyo hiyo inasoma faili na kuchora minara. Gemu yenyewe haihusiki kabisa.

Hapo hapo zinaanguka imani mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kwamba mnara ni seivu. Siyo, unaweza kuwasha gemu, usiseivu chochote, na mnara ukaota. Ya pili ni kwamba urefu ni saa ulizocheza. Siyo pia. Aliyecheza saa nane mfululizo amehesabiwa mara moja, sawa na aliyewasha akazima baada ya dakika mbili.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji memori kadi ya PS2 ya MB 8, ikiwezekana ile halisi. Kadi ya PS1, ile ya KB 128, inaingia kwenye sloti bila shida lakini folda hii haikai humo. Kadi za bei rahisi zilizoandikwa MB 32, 64 au 128 ni bahati nasibu: nyingine zinafanya kazi vizuri, nyingine zinaharibu data zinapoanza kujaa, na faili dogo kama history halina ulinzi wowote. Kama una kadi moja tu na ni ya aina hiyo, ijaribu, ila usiweke humo seivu unayoipenda.

Acha angalau KB 100 wazi. Kadi ikijaa kabisa, mashine haikuonyi kwamba imeshindwa kuandika historia. Inanyamaza na kuendelea na gemu.

Saa ya mashine iweke sawa kupitia System Configuration, halafu Clock Adjustment, kwa sababu tarehe nayo inaandikwa. Ikiwa kila ukiwasha saa imerudi nyuma, betri ndogo ya saa iliyo ndani imekufa. Minara itaota hata hivyo, lakini tarehe zitakuwa za uongo.

Andaa pia diski tatu au nne zinazosomeka bila kusuasua.

Kuotesha mnara wa kwanza

1. Zima mashine kabisa. Kwenye PS2 nene, taa iwe nyekundu au zima swichi ya nyuma.
2. Weka kadi kwenye sloti ya 1, na sloti ya 2 iache tupu. Kadi mbili zikiwa ndani kwa pamoja, baadaye hutajua historia imeandikwa wapi.
3. Washa bila diski na uangalie intro. Kama kadi ni mpya, utaona ukungu na taa tu. Kumbuka picha hiyo; ndiyo utakayolinganisha nayo.
4. Zima, weka diski, washa. Subiri nembo ya PlayStation 2 ipite na skrini ya kwanza ya gemu itokee. Usizime wakati nembo ingali inaonekana. Kuikata mashine inapoandika kwenye kadi ndiyo njia ya haraka ya kuiharibu.
5. Zima, toa diski, washa tena.

Sasa kuna mnara mmoja, mfupi. Kwenye TV ndogo au yenye mwanga mwingi unaweza kuukosa, kwa hiyo punguza taa za chumba na upandishe kidogo mwangaza wa TV. Ukiwa umeunganisha kwa waya wa njano wa kawaida, ukungu na minara huchanganyikana. Waya wa komponenti, au RGB kwa TV zenye tundu la skati, unatenganisha vizuri zaidi. Vitu vingine vinavyoelea hewani kwenye intro havihesabiwi. Tafuta kilichosimama.

Rudia hatua ya nne na ya tano kwa diski nyingine, na mnara wa pili utajitokeza pembeni.

Kuikuza

Mnara hukua kadiri hesabu ya gemu inavyopanda, lakini usitegemee kuona tofauti kati ya mara ya tatu na ya nne. Ukitaka kuhakiki, piga picha ya skrini kwa simu leo, endelea kucheza kama kawaida wiki kadhaa, kisha piga nyingine pale pale maandishi ya Sony yanapoanza kujitokeza. Bila picha mbili za kipindi kimoja cha intro utabishana na macho yako, kwa sababu kamera haitulii.

Wapo wanaokaa wakiwasha na kuzima mara arobaini ili wapate ghorofa. Inawezekana, lakini lenzi na mota ya PS2 ni vitu vya kuhurumiwa. Kila kuwasha ni lenzi kutafuta diski upya, na kupata lenzi mpya iliyo nzuri leo ni kazi. Mnara uliokua kwa kuchezewa una maana zaidi, na haukugharimu kitu.

Orodha ina nafasi 21, basi. Ukiwasha gemu ya ishirini na mbili, inaingia kwa kumtoa mojawapo ya waliomo. Kama unataka mji wenye minara mirefu, tenga kadi kwa gemu zako chache za kila siku, na diski za kujaribu ziwashie kwenye kadi nyingine.

Kumbuka kwamba mashine inatambua kodi, haijui jina la gemu. San Andreas ya Marekani na ile ya Ulaya, ambayo ni SLES-52541, zitajenga minara miwili. Na kinyume chake: zile diski za soka zinazotengenezwa upya kila msimu kwa majina mapya ya wachezaji na jezi mpya, mara nyingi zimejengwa juu ya diski moja ya zamani na kodi haikuguswa. Ukiwa na tano za namna hiyo, zote zinajenga mnara mmoja. Ndiyo maana kwenye mashine za vibanda vya gemu, ambako soka linachezwa asubuhi hadi usiku, unaweza kukuta mnara mmoja mrefu sana na vibanda viwili vitatu pembeni yake. Ukitaka kuhakiki, weka diski kwenye kompyuta, fungua faili la SYSTEM.CNF kwa programu yoyote ya maandishi, na usome mstari wa BOOT2. Kodi iko hapo.

Minara haitokei: sababu na dawa

Hapa ndipo wengi wanakwama, na karibu kila mara kosa ni kwamba menyu ya asili imerukwa.

Mashine yenye Free McBoot. Programu hii, inayowezesha PS2 kufungua programu zisizo za Sony, inakaa kwenye memori kadi na inaingia kazini kabla intro haijaanza. Waliokufungia mara nyingi wamewasha kipengele cha kuruka nembo ya Sony ili mashine iwake haraka, na intro ikirukwa hakuna pa kuiona minara. Fungua Free McBoot Configurator, ingia kwenye mipangilio ya OSDSYS (ndiyo menyu ya asili ya PS2), uzime Skip Sony Logo, kisha seivu. Ukisahau kuseivu kwenye kadi yenyewe, ukiwasha tena utakuta hali ni ile ile. Kuhusu kuandika historia, matoleo mapya ya Free McBoot hufanya kazi hiyo yenyewe unapofungua diski, ya zamani yanairuka.

Gemu za flashi au za hard disk. Ukicheza kupitia OPL (Open PS2 Loader, programu ya kufungua gemu bila diski), gemu haikupita kwenye menyu ya asili, kwa hiyo usihesabu kwamba historia imeandikwa. Jaribio ni rahisi: fungua gemu mpya kupitia OPL, zima, washa na intro, hesabu minara. Kama haikuongezeka, toleo lako haliandiki. Kwa mtu ambaye lenzi yake imekufa na anaishi kwa flashi tu, hii inamaanisha mji wake umebaki pale ulipokuwa siku lenzi ilipokufa.

Chipu. PS2 nyingi za mtumba zimewekewa chipu ili zisome diski za kunakili. Chipu za kawaida zinaiacha menyu ifanye kazi yake, na minara inaota hata kwa diski ya kunakili. Zile zenye menyu yake ya mipangilio ndizo zinazoweza kuwekwa ziruke intro au ziende moja kwa moja kwenye programu nyingine. Ingia kwenye mipangilio hiyo uzime kuruka kwa intro.

Kadi iliyohama. Hili linawachanganya sana watu wa huku kwetu, kwa kuwa mashine zinaingia kutoka kila upande. Umenunua PS2 ya pili, ukahamisha kadi, seivu zako zote zipo, lakini mji umepotea. Angalia namba ya modeli nyuma au chini ya mashine, ile inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho ikiwa 0 ni ya Japani, 1 ni ya Marekani, 3 ni ya Uingereza, 4 ni ya Ulaya. Ya Uingereza na ya Ulaya zinatumia folda moja, BEDATA-SYSTEM. Ya Japani inatafuta BIDATA-SYSTEM, haioni folda nyingine, na inaanza upya. Minara yako haijafutwa. Rudisha kadi kwenye mashine ya kwanza utaikuta. Na ukikuta vitu viwili vya mfumo kwenye kadi moja, usifikiri kimoja ni cha ziada. Kila mashine ina chake.

Kadi iliyoazimwa. Historia inakwenda na kadi, haibaki kwenye mashine. Ukimwazima jirani kadi kwa wiki moja, atakurudishia ikiwa na minara yake pia. Kama wewe ni mtu wa kuchunguza, hapo unaweza kujua alichokuwa akicheza.

Kadi chafu. Kama wakati mwingine minara ipo na wakati mwingine hakuna, usitafute mchawi kwenye programu. Toa kadi, futa meno yake ya shaba kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, rudisha. Sloti za PS2 zilizokaa kwenye vumbi zina tabia ya kuisoma kadi mara moja kati ya tatu. Ukiona Browser yenyewe inachelewa kuionyesha kadi, jibu ni hilo.

Skrini nyekundu. Ukipata skrini nyekundu inayosema diski haifai kwa PS2, diski haikukubaliwa, na kwa hiyo haikuhesabiwa. Shughulikia diski kwanza.

Kuhifadhi mji wako

Kwa kuwa kila kitu ni folda moja ndogo, unaweza kuitunza kwenye flashi. Unahitaji programu ya uLaunchELF au wLaunchELF, ambayo karibu kila mashine yenye Free McBoot inayo, na flashi iliyofomatiwa FAT32. PS2 inatumia USB 1.1, ya polepole sana, lakini kwa folda hii hutangoja.

Fungua FileBrowser, ingia mc0:/ (kadi ya sloti ya 1), shuka hadi kwenye folda ya mfumo bila kuifungua, bonyeza R1, chagua Copy. Rudi nyuma, ingia mass:/ (flashi), bonyeza R1 tena, chagua psuPaste. Utapata faili moja lenye mwisho wa .psu. Kurudisha ni kinyume chake: nakili faili hilo, nenda mc0:/, psuPaste. Usitumie Paste ya kawaida kwenda kwenye flashi. FAT32 haibebi tarehe na alama za memori kadi jinsi zilivyo, na folda ikirudi inaweza kukosa sura yake kwenye Browser. Kitufe cha kukubali kwenye programu hii mara nyingi ni duara badala ya X, soma maandishi ya chini ya skrini kabla hujabonyeza.

Njia hii ndiyo pia ya kuhamisha mji kwenda kadi mpya ya mashine ya eneo lile lile.

Kubomoa

Ingia Browser, chagua kadi, simama juu ya Your System Configuration, bonyeza X, chagua Delete. Ukiwasha upya minara yote imeondoka na hesabu inaanza sifuri. Seivu za gemu haziguswi.

Ila kuna hatari moja. Kama kadi hiyo ndiyo yenye Free McBoot, usifute kwanza. Folda za mfumo kwenye kadi ya namna hiyo ni rahisi kuzichanganya, na ukifuta isiyo yenyewe unaweza kujikuta na kadi isiyowaka vizuri. Tengeneza .psu kabla, au futa faili la history peke yake kwa uLaunchELF na uache folda ilivyo. Kwa mashine za SCPH-90000 zilizotoka mwishoni, zile zenye BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya chipu) toleo la 2.30, Free McBoot haifanyi kazi kabisa, kwa hiyo ukiwa na hiyo huna la kuogopa hapa, wala huna uLaunchELF kwa njia hii.

Kwenye kompyuta

Minara inaonekana pia kwenye PCSX2, emuleta inayoiga PS2 kwenye kompyuta, kwa sharti kwamba unatumia BIOS uliyoitoa kwenye PS2 yako. Kosa la kila mtu ni Fast Boot. Ikiwa imewashwa, emuleta inairuka menyu, haionyeshi intro na haiandiki historia. Izime kwenye mipangilio ya BIOS, au bofya gemu kwa kitufe cha kulia na uchague Full Boot. Kadi iwe ya faili moja la MB 8. Kadi za aina ya folda zina kichujio kinachoonyesha kila gemu seivu zake tu, na kwa kazi hii kinakuletea mkanganyiko usio wa lazima.

Ukiwa bado kwenye menyu: pembetatu

Hiki si mnara, lakini kimefichwa karibu hapo na kina faida zaidi. Washa PS2 bila diski. Kwenye ukurasa wenye Browser na System Configuration, bonyeza pembetatu. Unafunguka ukurasa wa matoleo ya programu za mashine. Shuka hadi PlayStation Driver na uingie ndani. Kuna vipengele viwili: Disc Speed, na Texture Mapping.

Texture Mapping ukiiweka Smooth, gemu za PS1 zinalainishwa zile pande zenye vipande vipande. Gemu za magari zinapendeza, zile za kuchora kwa mkono huwa na ukungu, zenyewe ziache Standard. Disc Speed ikiwa Fast, diski inasomwa haraka zaidi, lakini baadhi ya gemu za PS1 hukwama au muziki hukatika. Ikitokea hivyo, rudisha Standard kabla hujailaumu diski. Mipangilio yote miwili inasahaulika ukizima mashine, kwa hiyo utaiweka kila safari: weka kwanza, rudi nyuma, ingiza diski, ifungue kupitia Browser.

Mashine nyingine zenye siri ya aina hii

GameCube ya Nintendo ndiyo rahisi kuliko zote. Unganisha pedi ya waya, shikilia kitufe cha Z, kile cha zambarau juu ya R, na bila kukiachia washa mashine. Mchemraba utajiviringisha kama kawaida lakini sauti itakuwa ya vitu vya kuchezea na kicheko cha mtoto. Ukiunganisha pedi nne na Z ikashikiliwa kwenye zote nne kwa pamoja, unapata sauti nyingine kabisa, ya ngoma na makelele ya Kijapani. Ikishindikana, mara nyingi ni pedi moja ambayo Z yake imechoka. Zijaribu moja moja kwanza, kila moja lazima itoe kicheko.

Sega Master System ya kwanza ina gemu nzima ndani ya chipu. Toa kaseti na kadi, washa, na skrini ya nembo ikitokea shikilia juu pamoja na vitufe 1 na 2. Matoleo yenye chipu husika yatafungua mchezo wa konokono anayetafuta njia ya kutoka kwenye vichochoro. Matoleo yaliyokuja na Alex Kidd ndani hayana konokono, na hakuna mchanganyiko wa vitufe utakaomleta.

Nintendo Switch nayo ilikuwa na yake: gemu ya Golf ya mwaka 1984, ambayo Satoru Iwata, rais wa zamani wa Nintendo, ndiye aliyeiandikia programu, ikifunguka tarehe 11 Julai, siku aliyofariki mwaka 2015, kwa mtu aliyeinua Joy-Con (pedi za Switch) zote mbili kwa ishara ya mikono ambayo Iwata alizoea kuifanya. Iligunduliwa mwaka 2017, na baadaye sasisho la mfumo likaiondoa. Kama Switch yako imesasishwa, usihangaike kubadilisha tarehe.